Hongo, Ushuru na Kibali cha Njia

Yapo maneno yanayoshushwa hadhi bila ya kosa lao. Mojawapo ni hongo. Leo alisikiaye hufikiri rushwa tu; lakini katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya wazi, aliyoyatoa mwenye msafara kwa mtawala wa nchi ili aruhusiwe kupita. Ililipwa kwa nguo, shanga au nyaya, baada ya mashauriano.

Mfano mzuri tunaupata Usambara. Vuga, mji mkuu wa Wakilindi, ulikuwa juu milimani. Krapf aliufikia mwaka 1848, na Burton na Speke mwaka 1857, wote katika enzi ya Kimweri ye Nyumbai. Njia ya misafara, hata hivyo, haikupita Vuga; ilipita chini, katika bonde la mto Pangani. Semboja, mwana wa Kimweri, alilitambua hilo akaweka makao yake Mazinde, kando ya njia. Kimweri alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu ndiye aliyetawazwa. Baadaye Semboja alimfukuza Vuga, lakini hakuhamia huko: alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Mwenye njia alikuwa amemzidi nguvu mwenye kiti.

Kwa hiyo, mfasiri aandikaye kwamba watawala wa namna hii walipokea rushwa huwasingizia. Rushwa hutolewa kwa siri ili kupindisha sheria. Hongo ilitolewa hadharani, nayo yenyewe ndiyo iliyokuwa sheria ya njia. Twaona kwamba serikali ya kikoloni ilipojitwalia haki ya kutoza, malipo ya zamani yalipoteza uhalali, na jina lake likabaki na doa.

Jambo hili lina funzo kwa istilahi za leo. Tanzania ilitunga sheria mwaka 1995 ya kutoza magari ya kigeni yapitayo nchini. Huko Ulaya, dereva avukaye mpaka kutoka Ufaransa kuingia Uswisi hukuta taratibu mbili. Katika barabara kuu nyingi za Ufaransa hulipa langoni kwa kadiri ya mwendo. Uswisi, tangu mwaka 1985, hulipia muda, na uthibitisho wake ulikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Mfasiri aliyeiita kibandiko hakukosea wakati ule. Lakini tangu mwaka 2023 uthibitisho huo waweza kuwa wa kielektroniki, usiobandikwa popote.

Tunapendekeza basi kwamba jina lifuate kazi ya kitu, wala si umbo lake: malipo ya langoni yaitwe ushuru wa barabara, na ruhusa ya muda iitwe kibali cha kutumia barabara. Ama hongo, tuiache katika habari za misafara, pamoja na maelezo mafupi ya maana yake ya kale. Kufanya hivyo ni kuwatendea haki waliotutangulia.