Siti: Cheo cha mabibi kilichopata mwenyewe Unguja

Mwaka 1928 mwanamke mmoja wa makamo alisafiri kwa meli kutoka Unguja hadi Bombay, India, kwenda kutia sauti yake kwenye santuri za kampuni ya HMV. Alifuatana na wapigaji wake wa ala, na nyimbo alizokwenda kuimba zilikuwa za Kiswahili. Jina lake la usanii lilikuwa Siti binti Saad. Wazazi wake hawakumwita hivyo. Alipozaliwa katika kijiji cha Fumba, yapata mwaka 1880, walimpa jina la Mtumwa.

Majina hayo mawili yalikuwa ya watu wa daraja mbili zisizokaa jamvi moja. Mtumwa ni mtu mwenye bwana. Siti ni bibi anayetumikiwa. Kwamba mtoto aliyeitwa jina la kwanza alikufa akijulikana kwa jina la pili ni jambo linalostahili kuelezwa tangu mwanzo, na mwanzo wa jina hili uko mbali na Fumba.

Bibi wa pande sita

Siti ni Kiarabu cha barazani, si cha vitabuni. Neno fasaha ni *sayyidati*, yaani bibi yangu. Katika vinywa vya watu, hasa wa Misri na Sham, likafupika likawa *sitti*. Mabingwa wa lugha hawakupendezwa. Al-Firuzabadi, mwandishi wa kamusi maarufu ya *al-Qamus al-Muhit*, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, aliandika kwamba huenda ni kosa la usemi na kwamba lililo sahihi ni *sayyidati*. Lakini hakuwanyima haki waliolitetea. Alitaja pia tafsiri yao: kwamba neno latokana na hesabu ya sita, na anayemwita mwanamke hivyo humwambia kuwa yeye ndiye pande zake zote sita, mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Kwa elimu ya asili ya maneno tafsiri hiyo ni dhaifu. Kwa mapenzi, ina nguvu.

Wenye kamusi walilalamika, lakini majumba ya wafalme yalikuwa yamekwisha kulipokea. Mjini Cairo, Sitt al-Mulk, binti wa ukoo wa Fatimiya aliyezaliwa mwaka 970, alishika hatamu za dola baada ya ndugu yake, khalifa al-Hakim, kutoweka mwaka 1021, akaongoza mpaka kifo chake mwaka 1023. Damascus ilimjua Sitt al-Sham, dada wa Salahuddin al-Ayyubi, aliyejenga madrasa kwa mali yake na kufariki mwaka 1220. Katika karne ya 20 Wamisri walipotaka kumtaja mwimbaji wao Umm Kulthum kwa heshima isiyo na mpinzani, walisema tu *al-Sitt*, na kila mtu alielewa ni nani.

Mashariki ya bahari ile ile

Pamoja na Uislamu na biashara, neno hili lilivuka Bahari ya Hindi likafika visiwa vya Wamalai. Huko lilipata mizizi mirefu kuliko mahali pengine popote. Pale ambapo Waswahili husema Bi Khadija, Bi Fatuma na Bi Hawa, Wamalai husema Siti Khadijah, Siti Fatimah na Siti Hawa. Kwa kuwa wazazi walipenda kuwapa mabinti wao majina ya wanawake hao watukufu, waliyachukua pamoja na heshima yake, na cheo kikawa sehemu ya jina tangu siku ya kuzaliwa.

Leo nchini Indonesia na Malaysia Siti ni miongoni mwa majina ya kike yanayosikika zaidi. Siti Walidah alikuwa nguzo ya Aisyiyah, jumuiya ya wanawake wa Kiislamu iliyoanzishwa Java mwaka 1917. Siti Hasmah, mke wa Mahathir Mohamad aliyekuwa waziri mkuu wa Malaysia, alikuwa kati ya wanawake wa kwanza wa Kimalai kuwa madaktari. Siti Nurhaliza, aliyezaliwa mwaka 1979, ni mwimbaji ambaye Malaysia nzima inamjua. Na mwaka 1922 mwandishi Marah Rusli alitoa riwaya ya *Sitti Nurbaya*, kisa cha msichana wa Padang anayeolewa na mzee tajiri ili kumwokoa baba yake na madeni. Hadi leo Waindonesia wakizungumzia ndoa za kulazimishwa hutaja zama za Siti Nurbaya.

Mtumwa anakuwa Siti

Upande wetu wa bahari, jina halikuenea hivyo. Pwani ilikuwa na heshima zake: Mwana, kama tunavyomtaja mshairi Mwana Kupona wa Pate, na Bibi, ambalo lilimkaa kila mwanamke mwenye nyumba. Siti lilibaki neno la juu, la wanawake wa daraja.

Mtumwa binti Saad hakuwa wa daraja hiyo. Wazazi wake walikuwa watu wenye asili ya bara, wa tabaka la watumwa. Amri ya kufuta utumwa visiwani ilipotolewa mwaka 1897, alikuwa msichana wa miaka kama 17. Amri hiyo haikuwagusa masuria, ambao walisubiri hadi mwaka 1909. Na hata kwa walioguswa, karatasi ya serikali haikufuta dharau ya mitaani. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alivibeba vyungu kichwani akaenda kuvinadi, na sauti yake ya kunadi ilitangulia kujulikana kabla ya uso wake.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu iliyoundwa mwaka 1905, ambaye alimfundisha kuimba. Taarabu ya wakati huo ilikuwa burudani ya wakubwa. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, pale Ng'ambo, upande wa mji walikoishi watu wengi waliotoka utumwani. Nyimbo zao zilieleza yaliyowasibu watu hao: mwanamke aliyedhulumiwa, hakimu asiyetenda haki, tajiri anayemnyonya maskini. Kasri la Sultani nalo likamwita aimbe.

Jina la Siti alilipata ukubwani, kwa kazi hiyo. Na haikuwa rahisi kulibeba. Washindani walimtungia wimbo wa kumsuta, wakimkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki, nguo nyeusi ya bei ya chini iliyokuwa alama ya mtumwa. Walimaanisha kwamba mtu wa namna ile hawezi kuwa bibi. Yeye alijibu kwa wimbo pia, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko tusi: sura na nasaba hazimfai mtu aliyepungukiwa na busara.

Tena hakujitungia ukoo. Alipokuwa Siti, aliendelea kuwa binti Saad. Cheo cha mabibi wa majumba makubwa kilikaa bega kwa bega na jina la baba asiye na cheo, na santuri zikayasambaza yote mawili hadi bara, katika mikahawa na majumba ya watu ambao hawajapata kuiona Unguja.

Jina baada yake

Siti binti Saad alifariki Julai 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikwenda kuzungumza naye, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika *Wasifu wa Siti binti Saad*. Mshairi mkuu wa Kiswahili aliona maisha ya mwanamke huyu, ambaye hakupata kusoma shule, yanastahili kitabu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendeleza nyimbo zake hadi majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu iliyoitwa *Siti of Unguja*.

Lakini ushahidi mkubwa wa mahali jina lilipofika haumo kwenye muziki. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, kilipoanzisha jarida la kupigania haki za wanawake mwaka uliofuata, kililiita *Sauti ya Siti*. Hapo Siti halikuwa tena neno la kumwamkia mwenye mali. Lilikuwa jina la mwanamke anayesema mbele ya watu kile ambacho wengine wanakiogopa.

Hata hivyo Siti si jina la kila nyumba pwani ya Afrika Mashariki. Kwa wingi halijawafikia akina Asha, Zuhura na Mwanaisha, na huenda halitawafikia. Hilo si upungufu. Ng'ambo ya bahari wanaoitwa Siti ni wengi mno hata jina haliwezi kumkumbusha mtu mmoja. Kwa Waswahili jina hili lina mwenyewe, na mwenyewe hakulirithi. Mzazi anayemwita bintiye Siti anafaa amweleze mapema kwamba heshima iliyomo ndani yake ilichumwa na muuza vyungu wa Fumba, kwa kazi yake, mbele ya watu waliosema hastahili.