Programu kwa ada ya mwezi: kukua bila fedha za wawekezaji

Katika biashara hii mteja hanunui programu iwe mali yake, bali huilipia kila mwezi anaoitumia, kama msafirishaji anavyolipia huduma ya kufuatilia malori yake kwa setilaiti. Kampuni isiyo na mwekezaji hukua kwa ada hizo.

Mfano ni Mailchimp ya Atlanta, Marekani, inayotoa huduma ya kutuma matangazo kwa barua pepe. Ben Chestnut na Dan Kurzius waliianzisha mwaka 2001 kwa mapato ya kampuni yao ya kutengeneza tovuti, wakilenga wafanyabiashara wadogo. Huduma ya bure ilianza mwaka 2009, wakati wateja wanaolipa walikwishakuwepo. Mwenye orodha fupi ya wateja aliitumia bure. Orodha ikirefuka, alilipa. Mwaka 2021 Intuit iliinunua kwa takriban dola bilioni 12.

Hatari kubwa ni wateja kuondoka. Kampuni yenye wateja 100, ikipoteza 5 kila mwezi bila kupata wapya, baada ya mwaka hubakiwa na 40. Tangazo humleta mteja. Huduma nzuri ndiyo humfanya alipe mwezi unaofuata.