Chumvi, Figo na Utosi
Huko Ivuna, katika bonde la Rukwa, chumvi ilikuwa ikichemshwa tangu karne ya 13. Kusini yake, Tunduma, walipita Wachina waliojenga reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975, pamoja na matabibu wao. Katika elimu yao ya tiba, ladha ya chumvi huingia figoni, na figo ndiyo hazina ya mbegu za mwanamume. (Mswahili hutaja kiuno, hawakutengana sana.) Ndiyo maana vidonge vya Liuwei Dihuang, wapewavyo waume waliopungukiwa, kwa desturi humezwa kwa maji yenye chumvi kidogo. Wauzaji hunadi urijali. Hawasemi kwamba mtungaji wake, Qian Yi, alikuwa tabibu wa watoto, na kitabu chake cha 1119 kiliagiza dawa hiyo kwa mtoto ambaye utosi wake umechelewa kufunga.