Nembo na Saluti

Juma lililopita vijana wa mtaani kwetu, wapenzi wa magari ya zamani, waliniletea michoro mitatu ya nembo ya klabu yao: simba, usukani na mlima. Wakaniuliza ipi inapendeza. Nami nikawauliza: atakayeifunga garini atapata nini?

Nikawasimulia habari za Uingereza. Sheria ya mwaka 1903 iliweka kikomo cha mwendo kuwa maili 20 kwa saa, na polisi wakawa wakijibanza kandokando ya barabara kuwanasa madereva. Mwaka 1905 wenye magari walikutana London wakaunda chama, Automobile Association. Nembo yake ilikuwa na herufi mbili, AA. Watu wa doria wa chama, wakiwa juu ya baiskeli, walipoiona nembo hiyo walimpigia saluti mwanachama.

Baadaye mahakama ikaamua kwamba kumtahadharisha dereva anayekimbiza gari kunaweza kuwa kosa la kumzuia polisi kazi yake. Chama kikageuza kibao: usipopigiwa saluti, simama uulize kulikoni. Nani angemshitaki mtu kwa kutopiga saluti?

Siwafundishi vijana kuwakwepa trafiki. Mwendo wa kasi unaua. Nasema tu kwamba nembo ile ilikuwa na thamani kwa sababu barabarani palikuwa na mtu wa kuijali. Je, gari lenye nembo yenu likikwama Chalinze usiku, mwenzenu atasimama? Kubalianeni hilo kwanza. Simba atachorwa baadaye.