Sauti Mbili kutoka Mji wa Mijeledi

Magharibi ya jimbo la Massachusetts, katika bonde la mto Connecticut, upo mji wa kadiri uitwao Westfield, ambao katika karne ya kumi na tisa ulipata umashuhuri kwa biashara ambayo leo imekaribia kusahauliwa duniani: ulikuwa ukitengeneza mijeledi ya kuendeshea farasi wa magari ya kukokotwa, na kwa wingi wa viwanda hivyo watu wa nchi ile wakaupa lakabu ya Mji wa Mijeledi, nayo imedumu mpaka zama hizi. Katika mji huohuo fundi William A. Johnson aliasisi kazi ya kuunda vinanda vikubwa vya makanisa, vile vivumavyo kwa mabomba, vikapelekwa mbali na hapo. Magari ya petroli yalipokuja, mjeledi ukakosa kazi. Na viwanda vingine vya bonde lile, pamoja na karakana ya silaha ya serikali iliyokuwa Springfield hata ikafungwa mwaka 1968, vikapungua kimoja baada ya kingine. Nayatanguliza haya kwa sababu albamu ninayokusudia kuisimulia, ambayo aghalabu husifiwa kwa ghadhabu na mshindo wake, ni kazi ya ustadi wa mikono ya watu wa mahali pale, na asiyeujua ustadi huo ameisikia nusu tu.

Muziki wenyewe huitwa metalikoo, na nasaba yake ni ya wazazi wawili waliokaa muda mrefu bila kupendana. Mmoja ni hadikoo, muziki mkali na mfupi wa vijana wa miji kama Boston na New York, usiojali ufasaha wa ala bali ukweli wa maneno na umoja wa walio mbele ya jukwaa. Wa pili ni hevi metali, ambayo watu wake hujivunia wepesi wa vidole na urefu wa tungo. Katika miaka ya tisini vijana wa Massachusetts walianza kuwaoanisha wawili hawa. Kundi la Overcast, ambalo mwimbaji wake alikuwa Brian Fair na mpiga besi Mike D'Antonio, lilikuwa miongoni mwa waliotangulia, na jirani yao likawapo kundi la Aftershock, la Adam Dutkiewicz na Joel Stroetzel. Wakati huo zilikuwa zikiwafikia rekodi kutoka Göteborg, nchini Sweden, za makundi kama At the Gates, In Flames na Dark Tranquillity, ambayo yalikuwa yamegundua kwamba magitaa mawili yaweza kuimba lahani tamu kwa pamoja, moja likipanda juu kidogo ya jingine, huku ngoma na koo zikiendelea na ukali wao. Mathalani albamu Slaughter of the Soul ya At the Gates, iliyotoka mwaka 1995, ilisikilizwa Massachusetts kwa makini ya mwanafunzi mbele ya mwalimu, na athari yake husikika katika takriban kila kundi la bonde lile.

Overcast na Aftershock zilipovunjika, D'Antonio, Dutkiewicz na Stroetzel wakakutana mwaka 1999, wakamchukua mwimbaji Jesse Leach, kijana wa jimbo jirani la Rhode Island aliyekuwa katika kundi la Corrin, wakajiita Killswitch Engage. Mwaka 2000 walitoa albamu yao ya kwanza, yenye jina lao wenyewe, kwa kampuni ndogo ya Ferret ya New Jersey. Ni albamu ya kuheshimiwa, lakini ni ya watu ambao bado wanatafuta kipimo cha nguvu zao. Hata hivyo ilitosha kuwafikisha kwenye masikio ya Roadrunner, kampuni iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1980 na ambayo ilikuwa imekwisha kuwatoa Sepultura, Machine Head na Slipknot. Wakati huo soko la Marekani lilitawaliwa na metali ya aina nyingine, iliyochanganywa na rapu na kupunguziwa ufundi wa gitaa, na albamu Hybrid Theory ya Linkin Park ilikuwa ikiuzwa kwa mamilioni. Kwa hiyo kampuni kuwaamini vijana wa Westfield, ambao hawakufanana na yeyote aliyekuwa akipata fedha, halikuwa jambo dogo.

Mtu angedhani kwamba baada ya kupata kampuni kubwa wangekimbilia Los Angeles kwa mtayarishaji mwenye jina. Hawakufanya hivyo. Walirudi katika studio ya Zing, palepale Westfield, kurekodi albamu hii ninayoisimulia, na mtayarishaji akawa mmoja wao, Dutkiewicz, ambaye alikuwa amesoma katika chuo cha muziki cha Berklee kule Boston na ambaye katika albamu hiyo alipiga dramu, akapiga na baadhi ya magitaa, akaongeza sauti yake, kisha akarudi kuketi kwenye mitambo kuyahukumu yote aliyoyapiga mwenyewe na waliyoyapiga wenzake. Mimi naiona hii kuwa ndiyo siri ya kazi yote. Rekodi za hadikoo za zama zile nyingi zilikuwa nyembamba na zenye vumbi, kwa kuwa wenyewe waliuona usafi wa sauti kuwa ni aina ya unafiki. Dutkiewicz alitaka kila pigo lisikike mahali pake, na gitaa, ambalo waya wake mnene ulikuwa umelegezwa hadi noti ya C ili uvume chini zaidi, liwe zito bila ya kuwa tope. Ili gitaa lijae masikioni namna ile ni lazima mapigo yaleyale yapigwe tena kwa uaminifu na kuwekwa pande mbili, kulia na kushoto, na kosa dogo la wakati huharibu kila kitu. Kazi hiyo yataka saburi ya fundi wa nakshi.

Rekodi zilipokwisha zilipelekwa Uingereza, katika jimbo la Derbyshire, kwa Andy Sneap, ambaye zamani alikuwa mpiga gitaa wa kundi la Sabbat kabla ya kuwa bingwa wa kuchanganya sauti za metali, naye akazitia ung'avu na uzito kwa pamoja. Sura ya kasha na michoro yake ilikuwa kazi ya D'Antonio, ambaye ni msanii wa michoro pia. Hivyo, ukimtoa Sneap, karibu kila kilichoshikwa, kilichosikika na kilichoonekana kilikuwa kimetoka katika mikono ya kundi lenyewe.

Lakini jambo lililoifanya albamu hiyo, iitwayo Alive or Just Breathing, kuwa kama mlango ambao wengine wote walipitia baadaye, ni matumizi ya koo la Leach. Kuchanganya sauti ya kunguruma na sauti ya kuimba hakukuanzia kwake: Burton C. Bell wa Fear Factory alikuwa amefanya hivyo tangu mwaka 1992, katika albamu Soul of a New Machine, na Fair wa Overcast naye alikuwa akiimba na kupiga ukelele. Kilichokuwa kipya ni mpango. Katika wimbo kama My Last Serenade, ubeti huja kwa mngurumo, umeuma meno, na msikilizaji hubanwa mpaka ahisi kwamba hakuna njia ya kutokea. Kisha kiitikio hufunguka kwa sauti safi, pana, yenye lahani ambayo mtu aweza kuishika mara ya kwanza na kwenda nayo nyumbani. Sauti mbili hizo si pambo juu ya wimbo. Ndizo zilizoushika wimbo usianguke, kwa kuwa ile ya kwanza ni mashaka na ile ya pili ni matumaini, na mwimbaji ni mmoja, akishindana na nafsi yake mbele ya watu. Sijui namna nyingine ya muziki wa kishindo iliyoyaonyesha mashindano hayo waziwazi kiasi hicho.

Na maneno yenyewe yalisadifiana na mpango huo. Ilhali sehemu kubwa ya metali ilikuwa imezoea kuimba mauti, damu na laana, Leach alikusudia kwa makini kuandika juu ya kusimama baada ya kuanguka, juu ya umoja na nia. Wapo waliomcheka kwa ajili hiyo, na naamini walikosea, kwani yataka moyo kuimba matumaini mbele ya umati uliokuja kusikia hasira, na matumaini yasiyopingwa na ngurumo yoyote huwa mepesi mno.

Albamu ilitoka tarehe 21 Mei 2002, ikiwa na nyimbo 12, na mbili kati yake, Temple from the Within na Vide Infra, zilikuwa zimechukuliwa kutoka albamu ya kwanza na kurekodiwa upya. Wahakiki waliipokea kwa sifa, na mashabiki wakaipokea kwa mapenzi yaliyokua polepole, kwa mdomo hadi sikio na kwa ziara za mji hadi mji. Dutkiewicz aliondoka kwenye dramu akashika gitaa jukwaani, dramu akapewa Tom Gomes.

Hapo ndipo gharama ilipodaiwa. Leach alikuwa ameingia ziarani na koo lililochoka, maana kila usiku alilazimika kurudia kwa pumzi moja yale aliyoyarekodi kwa vipande. Alikuwa ameoa karibuni, na alikuwa katika huzuni nzito ya moyo ambayo watu wa fani yake hawakuzoea kuitaja. Muda mfupi baada ya albamu kutoka aliwaandikia wenzake barua-pepe kuwaarifu kwamba anaondoka. Kundi likabaki na albamu ambayo kila mtu alitaka kuisikia na halina wa kuiimba.

Aliyechukua nafasi ni Howard Jones wa kundi la Blood Has Been Shed, mwenye sauti nene na pana kuliko ya mtangulizi wake, na ndiye aliyezibeba nyimbo za Leach katika majukwaa makubwa, pamoja na maonyesho ya Ozzfest ya mwaka 2003. Albamu iliyofuata, The End of Heartache ya mwaka 2004, iliyouzwa zaidi na ambayo wimbo wake wa jina hilo uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, ilijengwa juu ya msingi ule wa mwaka 2002. Tena studio ya Zing ikawa mahali pa kuendewa: Unearth na All That Remains, wenyeji wa Massachusetts, walirekodi hapo chini ya mkono wa Dutkiewicz, na Parkway Drive walisafiri kutoka Byron Bay, Australia, wakarekodi hapo albamu yao ya kwanza mwaka 2005, kisha wakarudi kwa ile ya pili, Horizons, iliyotoka mwaka 2007. Fani hiyo imefika hata Nairobi, ambako kundi la Last Year's Tragedy limeicheza.

Kadiri sauti mbili katika koo moja zilivyokuwa ada, ndivyo watu walivyotambua kwamba ni jambo la kufundishwa. Mwaka 2005 mwalimu wa sauti Melissa Cross, wa New York, alitoa filamu ya mafunzo, The Zen of Screaming, ya kuwaonyesha waimbaji namna ya kupiga ukelele bila kuziumiza nyuzi za sauti. Maarifa ambayo Leach angeyahitaji miaka mitatu kabla. Jones alipoondoka mwanzoni mwa mwaka 2012, Leach alirudi, na mwaka huohuo kundi likazunguka Marekani likiicheza Alive or Just Breathing nzima kwa kutimiza miaka kumi. Koo lilimdai tena: mwaka 2018, wakati wa kutengeneza albamu Atonement, ilimlazimu kupasuliwa nyuzi za sauti na kunyamaza mpaka zipone. Albamu hiyo ilitoka mwaka 2019, na katika wimbo mmoja, The Signal Fire, Leach anaimba pamoja na Howard Jones.