Mkono wa mama mdogo na historia ya maji

Wasomi wenzangu, leo sitawaongelea viazi wala maharagwe. Naongelea mkono.

Mama yangu mdogo, mulimaji wa kwetu Masisi, walimutoa titi moja juu ya kanseri. Kidonda kikapona. Kisha miezi kupita, mkono wa upande ule ukaanza kuvimba, hata bangili ikakataa kuingia. Majirani wakasema: "Usishike jembe tena." Wengine: "Mumupeleke ku maji ya moto ya Nyamyumba, kule Gisenyi." Kila mtu alikuwa munganga. Mimi na lisansi yangu ya agronomia sikuwa na jibu, basi nikaanza kusoma.

Nikakuta kitu ninachokijua ku shamba. Mu mwili kuna mifereji inayorudisha maji yanayoitwa limfu, na mingi ya mkono inapitia ku tezi za kwapani. Ukitoa zile tezi, ni kama umeziba mufereji wa kinamasi: maji yanatuama.

Mwaka 1894 munganga Mmarekani William Halsted alitangaza upasuaji wake: kutoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani, vyote pamoja. Alitaka kuokoa maisha. Lakini mikono ya wamama ikavimba, na yeye mwenyewe akaandika juu ya uvimbe huo mwaka 1921. Miaka mingi shauri likabaki lile la majirani zetu: usibebe kitu kizito. Ni mwaka 2009 ndipo Kathryn Schmitz na wenzake, kule Marekani, walitoa utafiti wa wanawake 141 wenye mkono kama huo. Wale walionyanyua vyuma wakiongeza uzito kidogo kidogo, huku wamevaa nguo ya kubana mkono, hawakuvimba kuliko wengine.

Na maji je? Mwaka 2010 Dorit Tidhar na mwenzake, wa Israeli, walitoa utafiti juu ya mazoezi ya polepole ndani ya pisini ya maji vuguvugu. Maji yanabana: kila sentimita 10 za kina zinaongeza kama milimita 7 za zebaki, kipimo kile kile cha tansio. Vidole vilivyo chini vinabanwa kuliko bega, limfu inasukumwa kupanda. Mkono ulipungua kila walipotoka mu maji. Kwa muda murefu haukupungua kuliko ya wengine, lakini maisha yao ya kila siku yakawa mazuri zaidi. Tusidanganyane: hii haiponyeshi, inasaidia.

Maji ya moto ni kinyume. Joto linaleta damu nyingi ku mkono, na uvimbe unaweza kuzidi. Nyamyumba tukaiacha.

Masisi hatuna pisini, lakini tuko na ziwa Kivu pale Sake na Kirotshe. Tuliuliza kwanza mutu wa kineziterapia. Akakubali, kwa masharti: asiingie akiwa na kidonda, sababu mkono ule unashikwa na mikrobe haraka, asiende peke yake, aanze polepole.

Bangili bado haiingii. Lakini msimu huu mama mdogo alishika jembe tena, mistari miwili, akapumzika, akarudi. Kama kwenu kuna mama aliyeambiwa akae tu na mkono wake, mumusomee hii, kisha mumusindikize kwa mutu wa kineziterapia.