Kipaza Sauti

Neno kipaza sauti, lililotokana na kitenzi paza, limebebeshwa katika matumizi yetu vyombo viwili vilivyo kinyume: kile anachosemea khatibu msikitini, na kile kilichofungwa mnarani ambamo hutuba yake hutokea. Waumini hawapati taabu kwa hilo. Lakini mtu atakaye kueneza muziki wa sebuleni hadi jikoni na barazani kwa risiva moja ahitaji istilahi isiyomchanganya, kwa kuwa kosa la kuunga nyaya laweza kuunguza chombo cha thamani.

Aghalabu spika za nyumbani huandikwa mgongoni omu 8, ndicho kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Zikiungwa mbili sambamba katika tokeo moja, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, amplifaya iliyomo ndani ya risiva hukabiliwa na omu 4, na zikiwa nne, 2 tu, mzigo ambao risiva nyingi haziuhimili, zikapata moto na kujizima. Afadhali kutumia matokeo ya zoni ya pili, ikiwa risiva inayo.

Basi kitoacho sauti na kiitwe spika, ambayo ngeli yake yatosha kuitenga na Spika wa Bunge, na kiipokeacho maikrofoni. Ama kipaza sauti, neno fasaha mno, nalitakia amplifaya, maana hiyo ndiyo hasa ipazayo.